Mdogo wangu anataka kusomea kilimo, na kila mtu ana chuo chake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduma, nina miaka 31. Baba yetu alifariki mwaka 2016, mama akamfuata miaka mitatu baadaye, nikabaki na mdogo wangu wa mwisho. Sasa ana miaka 17. Mimi ndiye mama yake, mimi ndiye baba yake, na mimi ndiye niliyekuwa naitwa shuleni kikivunjika kioo cha dirisha.

Amemaliza kidato cha nne na kupata Daraja la Pili, pointi 20. Jiografia na Kiswahili B. Biolojia, Kemia, Historia na Uraia C. Kiingereza na Hisabati D. Fizikia imempiga chenga, F. Siku ile nilishangilia mpaka wateja wakadai niwapunguzie bei.

Shida imeanza aliposema anataka kilimo. Si kwamba amekosa pa kwenda. Baba alituachia nusu eka ya kahawa kule Mbozi, na huyu mtoto tangu yuko darasa la sita ndiye anayeipogoa. Likizo moja alipanda gari peke yake mpaka kituo cha utafiti wa kahawa pale Mbimba, akarudi na miche ishirini na kikaratasi alichoandika mwenyewe kuhusu chulebuni. Mimi chulebuni nilidhani ni jina la mtu, kumbe ni ugonjwa wa kahawa.

Mjomba wetu anasema kilimo hakisomewi, jembe halina cheti, mtoto aende afya awe nesi. Mwalimu wake wa Biolojia anasema asikimbilie chuo, aende kidato cha tano. Rafiki yake anamvuta kwenye chuo cha binafsi huko Dar es Salaam ambacho kipeperushi chake kina picha ya trekta jipya. Jirani yangu mwenye steshenari anataka shilingi 60,000 amjazie maombi, na anasema nafasi ni ya uhakika kwa sababu "ana watu". Mtoto mwenyewe ana daftari lenye vyuo kumi na kimoja, kuanzia Arusha mpaka Mtwara, kimojawapo ni cha nyuki. Nikimwuliza kwa nini hiki na si kile, jibu ni moja: "Dada, na hawa wana kilimo."

Kwa mwaka naweza kumtolea milioni moja, nikijibana sana milioni moja na laki mbili. Shangazi, aombe vyuo gani? Na je, nikimchagulia mimi, hatakuja kunilaumu?

Dada wa Tunduma

* * *

Marahaba, mwanangu. Na hongereni nyote wawili, maana hizo pointi 20 nusu yake zimeshonwa kwa cherehani yako.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila mwaka kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya watoto wanaojaza selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Nimeyaona madaftari ya aina hiyo. Mtoto mwenye vyuo kumi na kimoja bado hajachagua kitu, amenakili tu. Ila huyo wako ameshajieleza kwa njia nyingine: nusu eka anaipogoa, miche ameifuata kwa miguu yake. Basi lifungeni hilo daftari kwanza, muanzie shambani.

Usimwulize anataka chuo gani. Mwulize hivi: ukifika miaka 25, siku ya Jumanne saa mbili asubuhi, uko wapi? Mpe siku mbili tatu ajibu, wala usimsaidie. Neno kilimo limebeba kazi ambazo hazifanani hata kidogo. Anaweza kuwa kwenye kahawa yake mwenyewe. Anaweza kuwa juu ya pikipiki kati ya vijiji viwili, bwana shamba anayekwenda kumwonyesha mzee wa watu kwa nini mahindi yake yamekuwa ya njano. Anaweza kuwa nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo, au msimamizi kwenye shamba la parachichi la tajiri huko Rungwe au Njombe. Anaweza kuwa amevaa koti jeupe pale Mbimba alikonunua miche, akihangaika na mbegu mpya ya kahawa isiyoshikwa na chulebuni. Kazi hizi zina njia tofauti, na nyingine zinataka shahada.

Akijibu koti jeupe, mwalimu wake wa Biolojia ameshinda, tena ameshinda vizuri. Utafiti ni kazi ya shahada na zaidi ya shahada, na njia iliyonyooka ni kidato cha tano. Ana C ya Kemia, C ya Biolojia na B ya Jiografia, yaani CBG ameshaishika mkononi. Kwenye shule za serikali ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, kwa hiyo utabaki na nauli, sare, vifaa na michango. Baada ya hapo ni chuo kikuu, na kwa kilimo jina la kwanza ni Sokoine pale Morogoro. Kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka mwaka 1984, kilipofanywa chuo kikuu kinachojitegemea na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huohuo. Wenyewe wanaita SUA. Pale hata ndani ya kilimo kuna matawi: mazao, bustani, mifugo, uchumi wa kilimo, chakula, uhandisi, udaktari wa mifugo. Huo uhandisi kwa F ya Fizikia mwache apungie mkono kwa mbali.

Akijibu pikipiki, duka, au shamba lake mwenyewe, mimi ningempeleka chuo cha kati moja kwa moja. Najua walimu wenzangu watanuna. Lakini nimeona watoto wa vitendo wakipelekwa miaka miwili ya kukariri, wakarudi na daraja la nne na hasira. Akitokea kidato cha nne, stashahada ni miaka mitatu: anaanza ngazi ya nne ya NTA, yaani ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi, ya tano, kisha ya sita. Mlango wa shahada haufungwi. Mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi, na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, anaruhusiwa kuomba chuo kikuu kama anavyoomba aliyetoka kidato cha sita. Wengine hufanya kazi kwanza miaka miwili, wakaenda SUA na pesa yao mfukoni na udongo kwenye kucha.

Sasa vyuo vyenyewe. Vyuo vingi vya kilimo vya serikali, hivi tunavyoviita MATI, havikutupwa ovyo kwenye ramani. Vingi vimejengwa ubavuni mwa vituo vya utafiti, na kila kituo kina mazao yake kwa sababu ya udongo na mvua ya pale. Ukienda Ukiriguru, wilaya ya Misungwi, unakutana na pamba. Naliendele, Mtwara, ni korosho, ufuta na karanga. Maruku kule Bukoba ni migomba. Mlingano, Muheza, ni mkonge na masuala ya udongo. Igurusi, Mbarali, ni maji: mifereji, majaruba, mpunga. Tengeru, Arusha, ni mboga, matunda na maua. Uyole pale Mbeya ni mazao ya nyanda za juu, mahindi, maharage, viazi mviringo, baridi inayofanana na ya kwenu Mbozi. Mtaala wa darasani unaweza kufanana, lakini mwanafunzi wa kilimo nusu ya elimu yake anaipata kwa macho akipita njiani kwenda bwenini. Mtoto wa kahawa ukimpeleka miaka mitatu kwenye korosho atafaulu mitihani, sikatai, ila kila likizo atarudi Mbozi kama mgeni.

Kwa hiyo nichukue kalamu nyekundu nilikate daftari lake. Uyole iwe ya kwanza. Ni hali ya hewa anayoijua, na kutoka Tunduma ni safari ya asubuhi tu, akiugua unamfikia siku hiyohiyo. Ya pili Tengeru, ikiwa moyo wake uko kwenye matunda na miche, maana Arusha ni nchi ya kahawa pia na bustani wanaijua. Ubaya wake ni nauli. Kwenye milioni yako moja, safari za Arusha kwenda na kurudi zitakula kipande ambacho hukukipangia. Ya tatu Igurusi, iko barabara ileile ya Tanzam ukipita Uyole kuelekea Makambako, ila kozi zenye umwagiliaji someni sifa zake vizuri kwanza, msije mkakwama kwenye Fizikia. Ya nne, kama akiba, Ilonga pale Kilosa.

Cha nyuki ni kile cha Tabora. Ni chuo kizuri kwa mtu wa nyuki. Je, amewahi kufungua mzinga? Kama hajawahi, kikate. Vivyo hivyo vyuo vya mifugo vya LITA, iwe Mpwapwa, Madaba au Tengeru (huko Tengeru kuna vyuo viwili, cha bustani na cha mifugo, watoto huvichanganya kila mwaka). Kama hajawahi kukesha na ng'ombe anayezaa, au akiona damu anageuza uso, hiyo si njia yake.

Cha Dar es Salaam chenye trekta sikikatai kwa sababu ni cha binafsi. Vipo vya binafsi vinavyofundisha vizuri kuliko majirani zao wa serikali. Nakitilia shaka kwa sababu sijaona mahali ulipotaja shamba lao. Fungueni mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, unapatikana bure kwenye tovuti yao, mtafute chuo hicho kwa jina. Mtaona kozi zake, sifa za kuingia, ada na idadi ya nafasi. Na angalieni kozi yenyewe, siyo chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali, kikafundisha uhasibu kwa ithibati na kilimo bila ithibati. Kozi isiyomo kwenye mwongozo, kwenu haipo, hata kama kipeperushi kina helikopta.

Halafu kabla hujalipa ada popote, mpande basi mwende mkaone. Chagueni siku ya wiki na siyo siku ya mahafali. Ofisini mtapokewa vizuri, mtapewa fomu, asanteni, tokeni nje. Mwende nyuma. Kitalu nyumba kipo? Nailoni yake ni nzima au imechanika na ndani kuna viti vibovu? Shambani kuna nini kiangazi, au kuna mabua tu? Ng'ombe wa mafunzo wanakula nini? Kisha mnunulie chai mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye kibanda cha nje ya geti, umwulize mara ya mwisho alishika jembe au bomba la kupulizia lini, na fildi alifanyia wapi. Akikuambia fildi alifanyia ofisi ya kata, kazi ilikuwa kupiga kopi, umeshajua. Mwache mdogo wako aulize, wewe kaa pembeni unywe chai. Hapo utapata pia jibu la swali lako la kulaumiwa: mtoto aliyeuliza mwenyewe na kujionea mwenyewe hana wa kumlaumu. Wewe kazi yako ni kuweka mpaka wa pesa na umbali. Ndani ya mpaka huo, achague yeye.

Nije kwa jirani yako. Mwanangu, shilingi 60,000 hiyo usitoe. Maombi ya vyuo vya kilimo yanajazwa kwa njia ambayo chuo chenyewe kimetangaza dirisha likifunguliwa, na mtoto aliyepata C ya Kemia anaweza kuyajaza kwa simu yako. Ada za taasisi za serikali hulipwa kwa ile namba tunayoiita kontrolo namba. Haziingii kwenye simu ya mtu. Hakuna "watu" wanaouza nafasi ya Uyole, na akiwepo anayesema anazo, basi anauza hewa. Lakini linaloniumiza zaidi ni jambo dogo ambalo wazazi hawalioni. Wajazaji wa mtaani wengi huweka namba yao ya simu na barua pepe yao kwenye akaunti ya mtoto. Mwanafunzi wangu mmoja alichaguliwa, ujumbe ukaenda kwa mwenye duka, mwenye duka alikuwa amesafiri msibani na simu imezimwa. Yule binti alikuja kujua nafasi ilikuwa yake wakati wenzake wameshafungua chuo. Akaunti iwe na namba yake mwenyewe, barua pepe yake, nywila aiandike kwenye lile daftari la vyuo kumi na kimoja, angalau lipate kazi. Kama hamna vifurushi, nendeni kwa jirani mlipie intaneti na kopi kama wateja wengine.

Wakati huohuo msiache selform ilale. TAMISEMI hufungua muda wa wanafunzi kubadili machaguo yao ya tahasusi na vyuo baada ya matokeo. Aingie ahakikishe CBG ipo, hata kama moyo uko chuoni. Majina yakitoka atakuwa na karata mbili mkononi. Mtu wa hali yako hachezi na karata moja.

Pesa. Milioni moja kwa chuo cha serikali inakupa pa kuanzia, lakini usihesabu ada peke yake. Hesabu bweni, chakula, gambuti, koti la kazi, bima, nauli ya fildi. Mwongozo utakupa ada, hayo mengine utayapata kwa yule wa kibanda cha chai. Kuna jambo jingine ambalo nina hakika hujaambiwa. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na kilimo na mifugo vimo. Someni masharti ya mwaka wenu, hubadilika. Yeye ni yatima wa wazazi wote wawili, na hilo mfumo unalizingatia, ila kwa karatasi na siyo kwa maneno. Bodi hutaka vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Kama cha baba kiko kwenye sanduku la mjomba na cha mama hakikuwahi kuchukuliwa, anza wiki hii. Foleni ya uhakiki msimu wa maombi naijua, nisingemwombea mtu.

Mjomba. Usimjibu kwa ukali, ni kaka wa mama yenu na neno lake kwenye ukoo lina uzito. Mwekee karatasi ya matokeo mezani. Uuguzi na utabibu kwa ngazi ya stashahada hutaka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia, na Fizikia ya huyu ni F. Unesi umejikataa wenyewe, hakuna haja ya kubishana. Kuhusu jembe kutokuwa na cheti, ana nusu ya ukweli, jembe halina, lakini duka linacho. Mfanyabiashara wa viuatilifu lazima asajiliwe na mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na wa mbegu na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, na hapo mtu aliyesomea ndiye anayeaminika. Mwambie mjomba apige picha duka la pembejeo pale Tunduma, mpakani, lori linakwenda Zambia na lingine linarudi, na nyuma ya kaunta ni mpwa wake. Wafanyabiashara wa Tunduma huelewa lugha hiyo haraka.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ajira za serikali za maafisa ugani hutangazwa, zinaombwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Kijana anayesomea kilimo ili aje kukaa akisubiri tangazo atazeeka kwa mama lishe. Ndiyo maana ile nusu eka isiuzwe, hata mjomba akija na mnunuzi na hesabu nzuri ya kulipia ada. Ndiyo shamba darasa lake, ndipo atakapojaribu kila alichofundishwa Uyole kabla hajakijaribu kwenye mali ya mtu. Na siku akitafuta kazi kwenye shamba la tajiri au kwenye chama cha ushirika cha msingi, ataonyesha kahawa yake kwanza, cheti baadaye. Andikisheni umiliki wake vizuri serikali ya kijiji mkiwa bado mnaelewana.

Msalimie sana. Na kwa kuwa ushauri wangu haulipiwi, mwambie nami namtumia swali: mparachichi wangu wa nyuma ya nyumba una miaka sita, unatoa maua mengi kila mwaka, yote yanapukutika, tunda hata moja hakuna. Sijaunyunyizia kitu. Aniandikie anachodhani, na aseme angeanza kuangalia wapi.